Naivasha Kwenda na Kurudi Siku Moja Kutoka Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mshahara ukiingia tu, maswali huanza: matatu za Vasha ziko wapi, boti ni pesa ngapi, mbuga ya Hell's Gate unalipaje, na je, saa mbili usiku nitakuwa nimerudi nyumbani? Majibu yako hapa chini, kuanzia ya anayekwenda mara ya kwanza hadi ya yule ambaye safari imeshamharibikia njiani.

## Kabla ya kuamua

Siku moja inatosha kweli?

Inatosha, ukikubali kuacha baadhi ya vitu. Tatizo la watu wengi ni kutaka mlima Longonot asubuhi, Hell's Gate mchana, boti saa kumi na nyama choma jioni, kisha wanafika nyumbani wamechoka na hakuna walichokifurahia. Chagua jambo moja kubwa, ongeza mlo mzuri, na kama muda utabaki weka jambo moja dogo. Jambo kubwa ni mojawapo ya haya: ziwa lenyewe pamoja na hifadhi ya Crescent Island, baiskeli ndani ya Hell's Gate, au kupanda Longonot.

Ukiniuliza mimi, anayekwenda mara ya kwanza aende Hell's Gate asubuhi, ale samaki mchana, na boti awaachie wenye nguvu iliyobaki. Anayekwenda na wazazi au watoto wadogo aanze na ziwa.

Ni mbali kiasi gani?

Kutoka katikati ya Nairobi hadi Naivasha mjini ni kama kilomita 90. Barabara ikiwa nyeupe ni saa moja na nusu hadi mbili. Ikikasirika, na Jumapili jioni hukasirika, ongeza saa nyingine mbili bila kushangaa. Kumbuka pia kwamba mjini siyo ziwani, na ziwani siyo Hell's Gate. Tazama swali la kutoka mjini hadi ziwani.

Nitoke Nairobi saa ngapi?

Kwa gari la kibinafsi, saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshapita Kangemi. Kwa matatu, uwe steji saa kumi na mbili, kwa sababu matatu haiondoki mpaka ijae. Kuwahi huku kuna sababu mbili. Ya kwanza ni foleni. Ya pili ni upepo: asubuhi ziwa hutulia, na kuanzia mchana upepo huamka, mawimbi yakainuka na boti ikaanza kurukaruka. Kwa hiyo anayetaka boti aifanye kabla ya chakula cha mchana.

Ni siku gani nzuri?

Siku ya kazi kama unaweza kupata ruhusa, la sivyo Jumamosi. Jumapili kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kuna kazi, maana unakutana na waliokuwa Nakuru, Eldoret, Kisumu na Narok, wote wakirudi Nairobi kwa barabara zile zile. Sikukuu za Krismasi na Pasaka usizifikirie kwa safari ya siku moja, labda uwe mtu wa kupenda kukaa kwenye foleni ukitafuna mahindi choma.

Nibebe pesa ngapi?

Nauli ya matatu kati ya Nairobi na Naivasha huwa mara nyingi shilingi 300 hadi 500 kwa safari moja, na hupanda Ijumaa jioni, siku za sikukuu na mvua ikinyesha. Ongeza matatu za ndani na bodaboda, kiingilio cha mbuga, baiskeli na chakula. Kwa mtu mmoja anayekwenda kwa matatu, mbugani kwa baiskeli, halafu samaki, shilingi 4,000 zinamtosha asijibane. Boti ndiyo inayovuruga hesabu, kwa sababu hulipiwa kwa boti nzima na kwa saa. Mkiwa wawili inauma, mkiwa saba haisikiki.

Karibu kila mahali M-Pesa inapokelewa, lakini weka noti ndogo ndogo mfukoni kwa ajili ya bodaboda na muuza maembe.

## Barabara na usafiri

Nipite barabara ya juu au ya chini?

Zote mbili huachana Rironi, baada ya kupita Kikuyu na karibu na Limuru. Ya juu hupita Uplands, Kinale, Soko Mjinga, Flyover na Kinungi, kisha ikateremka Naivasha. Ndiyo matatu nyingi hutumia. Ubaya wake ni ukungu. Asubuhi na mapema kati ya Limuru na Kinale kuna siku huoni taa za gari lililo mbele yako, na Kinungi pana sifa mbaya ya ajali. Washa taa, punguza mwendo, na usimfuate dereva wa matatu anayepita lori konani eti kwa sababu yeye anaijua barabara.

Ya chini hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Hii ndiyo yenye mandhari: Longonot unaiona mbele yako, bonde limetandazwa chini, na kando ya barabara pana vibanda vya ngozi za kondoo, kofia za manyoya na vikapu. Ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wakaacha kanisa dogo sana chini ya mteremko, la mwaka 1942, ambalo bado lipo. Simama, lione, dakika kumi zinatosha. Ubaya wa njia hii ni malori ya mizigo yanayokwenda magharibi mwa Kenya na Uganda. Yanajikokota, nawe unajikokota nyuma yake ukinusa breki zinazoungua.

Ushauri wangu: nenda kwa ya chini asubuhi, rudi kwa ya juu. Lakini kama unakwenda Longonot, ya chini ndiyo njia yako kwenda na kurudi, maana mlima uko kando yake.

Nasikia kuna ujenzi. Utaniathiri?

Ndiyo. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, pamoja na ile ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha, ulizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025. Kazi ya namna hiyo haiishi kesho. Tarajia njia za kuchepuka, vumbi, na mahali magari yanapitishwa upande mmoja kwa zamu. Usiku ni vigumu zaidi, kwa sababu alama za barabarani huonekana ukiwa umeshafika juu yake.

Natokea Mombasa Road au Syokimau. Nipite mjini?

Panda barabara ya kulipia, Nairobi Expressway, ukashukie Westlands, kisha ufuate Waiyaki Way moja kwa moja. Asubuhi ya Jumamosi mjini huwa wazi na unaweza kuokoa hiyo pesa. Jioni ukirudi, lipa tu.

Matatu za Naivasha nazipata wapi?

Nyamakima na eneo la River Road. Shuka, uliza "Naivasha" na utashikwa mkono kabla hujamaliza neno. Kuwa mwangalifu na jambo moja: matatu za Nakuru hupita barabara kuu kando ya Naivasha, na makanga atakwambia "twende, nitakushusha." Atakushusha kweli, ila pale barabarani, na anaweza kukutoza nauli ya Nakuru. Panda inayoishia Naivasha.

Ulizia nauli kabla ya kuketi, wala usimlipe mtu aliyesimama nje. Mlipe kondakta gari likiwa limeondoka.

Wanaoishi Kangemi, Uthiru au Kinoo huuliza kama wanaweza kupandia njiani. Siku ya kazi unaweza kubahatika. Wikendi gari hupita likiwa limejaa na dereva anakupungia mkono tu. Ingia mjini.

Si kuna treni ya SGR, ile reli mpya, hadi Naivasha?

Swali hili limewasumbua wengi, kwa sababu kila tangazo la awamu ya reli inayotoka Nairobi kuelekea Bonde la Ufa lilitaja Naivasha. Reli hiyo ilifunguliwa Oktoba 2019 na vituo vyake baada ya Nairobi ni Ongata Rongai, Ngong, Mai Mahiu na Suswa. Hakuna kituo Naivasha mjini wala karibu na ziwa. Utashukia upande wa Mai Mahiu au Suswa na bado utatafuta gari. Kwa kupanda treni ili tu kuona mahandaki na bonde, ni matembezi mazuri. Kwa kuliona Ziwa Naivasha siku moja, panda matatu.

Nimeshuka Naivasha mjini. Ziwa liko wapi?

Hulioni. Hapo wengi huvunjika moyo, kwa sababu mji wenyewe ni maduka, benki na vumbi. Vivutio karibu vyote viko kando ya Moi South Lake Road, barabara inayozunguka upande wa kusini wa ziwa. Mjini kuna matatu zinazoifuata barabara hiyo, zimeandikwa Kongoni, Kamere au DCK. Zinapita Karagita, hoteli za ziwani, mashamba ya maua na njiapanda ya Hell's Gate.

Mwambie kondakta mapema unakoshukia. Anayekwenda kwa boti za bei nafuu ashukie Karagita. Anayekwenda mbugani aseme "njiapanda ya Hell's Gate." Kutoka hapo hadi lango la Elsa ni kama kilomita mbili, na bodaboda wapo.

Mapaa marefu ya nailoni utakayoyaona pande zote njiani ni ya maua, hasa waridi, yanayopelekwa Ulaya. Saa za zamu kubadilika, barabara hujaa wafanyakazi na mabasi yao, na matatu hupunguza mwendo. Wiki mbili kabla ya Valentino ndiyo kilele chao.

## Ziwani

Boti nikodi wapi, na nikubaliane vipi?

Kuna aina mbili: za hotelini na za bichi za umma kama Karagita na Kamere. Za hotelini bei yake imeandikwa ukutani na haipungui. Za bichi ni za kupatana, na utaanza kupatana kabla hujazima injini ya gari.

Kabla ya kukanyaga boti, maliza mambo manne kwa mdomo: bei ni ya boti nzima, siyo ya kichwa, muda ni saa kamili, mnakwenda wapi, na kila mtu amepewa jaketi la kuokolea linalofunga. Hilo la mwisho halina mjadala. Ukipewa jaketi lililokatika kamba, rudisha. Kapteni akikwambia "hapa maji ni machache," mwambie haya, lakini nipe lingine.

Wengi watakuonyesha mchezo wa furukombe, tai wa samaki mwenye kichwa cheupe. Kapteni ananunua samaki mdogo, anapiga mluzi, anamtupa majini. Ndege anaacha tawi lake mbali kule, anashuka bila kupiga mbawa, kucha zinagusa maji na samaki hayupo. Ni sekunde mbili hivi. Simu yako iwe imeshawashwa na ishikwe mkononi, siyo mfukoni.

Viboko ni hatari kweli, au ni hadithi za kutisha watalii?

Ni hatari kweli. Mwezi Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya ziwa hili alipokuwa akipiga picha, na wavuvi wa Naivasha wamepoteza wenzao kwa namna hiyo mara nyingi. Majini, kapteni mzuri hukaa mbali na kundi na humwachia kiboko njia ya kwenda kwenye maji mengi. Ukiona anawasogelea ili mpate picha, mwambie arudi nyuma. Wewe ndiye mwenye kumlipa.

Nchi kavu ndiko watu husahau. Kiboko hutoka kula nyasi jua likizama, na anayejikuta amesimama kati yake na maji yuko pabaya. Kwa msafiri wa siku moja kanuni ni rahisi: ikifika saa kumi na mbili jioni, usiwe unatembea ukingoni.

Naweza kuogelea ziwani?

Hapana. Sababu iko kwenye jibu lililotangulia. Hoteli kadhaa za South Lake Road huruhusu wageni wa mchana kutumia bwawa kwa malipo. Piga simu kwanza, kwa maana wikendi huwa wamejaa. Kuna pia bwawa la maji moto ya ardhini kule Olkaria, ambalo liko chini ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Maji yana rangi ya maziwa ya buluu na harufu ya kiberiti inayokaa kwenye nywele hadi Nairobi. Njia ya kulifikia hupitia mbuga ya Hell's Gate, kwa hiyo utalipa kiingilio cha mbuga na cha bwawa.

Nitaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi?

Usiwatarajie. Heroe hupenda maziwa ya magadi, na Naivasha ni ziwa la maji baridi, yasiyo na chumvi. Hao watafute Elementaita, Nakuru au Bogoria, maziwa matatu yaliyotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Naivasha utaona mwari, mnandi, korongo wa aina nyingi na furukombe. Hawa nao si haba.

Mbona kuna miti iliyokufa imesimama ndani ya maji?

Ni migunga iliyokuwa nchi kavu. Ziwa hili halina mto unaoonekana ukitoka. Maji ya mito Malewa na Gilgil huingia, na yanayotoka hupita chini ya ardhi, mengine yakapaa kwa jua. Ndiyo sababu kimo chake hupanda na kushuka sana. Kuanzia 2020 lilipanda mno, likameza mashamba, gati za hoteli na nyumba za mtaa wa Kihoto, na mwaka 2025 wakazi wa Kihoto walihama tena kwa mitumbwi wakiwa na magodoro kichwani.

Kwa mgeni maana yake ni hii: picha za zamani za mtandaoni zitakudanganya. Nyasi uliyoiona kwenye picha ya 2015 huenda leo ni makao ya mnandi. Pia utapita na boti katikati ya mashina ya kijivu, na hapo mwendo lazima uwe wa polepole kwa sababu visiki vingine viko chini ya maji.

Crescent Island ni nini, na ni tofauti na boti ya kawaida?

Ni hifadhi ya kibinafsi ambako unatembea kwa miguu katikati ya twiga, pundamilia, nyumbu na kuro, bila gari na bila uzio. Simba hayupo, ndiyo maana inawezekana. Kiingilio chake hakihusiani na KWS, shirika la wanyamapori la serikali, wala na bei ya boti, kwa hiyo muulize kapteni kama bei aliyotaja ni ya kukupeleka tu. Mara nyingi ni ya kukupeleka tu. Panga saa mbili za kutembea na uagane naye saa ya kurudi kukuchukua. Malipo yote usimpe kabla hajarudi.

## Hell's Gate na Longonot

Ni kweli unaendesha baiskeli katikati ya wanyama?

Ni kweli. Mbuga hii, iliyotangazwa mwaka 1984, ni miongoni mwa chache Kenya unakoruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Kutoka lango la Elsa hadi kwenye korongo ni kama kilomita nane, kati ya kuta za mwamba mwekundu. Mbele kidogo ya lango unakutana na Fischer's Tower, mwamba mrefu uliosimama peke yake wenye kimo cha mita 25, na pimbi wakiota jua kwenye nyufa zake. Baada ya hapo ni pundamilia, swala, kongoni, ngiri na twiga, na nyati kwa mbali. Nyati huyo muache huko huko mbali. Ukimwona karibu na njia, simama, subiri gari linalopita, upite ukiwa kando ya gari hilo.

Baiskeli hukodishwa njiapanda na langoni. Ipande kabla ya kulipa: bana breki zote mbili, badilisha gia, kanyaga pedali kwa nguvu, tikisa kiti. Bei ya njiapanda huwa chini kidogo, lakini ukipata pancha ndani, wa langoni ndio rahisi kuwafikia. Omba namba ya simu ya mwenye baiskeli. Nyani nao wana mazoea ya kunyakua mifuko, kwa hiyo usining'inize karatasi ya chipsi kwenye usukani.

Korongo la Ol Njorowa ni salama?

Hili nalijibu kwa urefu. Korongo ni jembamba, kuta zake zimechongwa na maji, mahali pengine unagusa pande zote mbili ukinyoosha mikono, na maji moto yanatiririka kutoka ukutani. Ni pazuri kupita maelezo. Lakini ni mfereji. Mvua ikinyesha juu, mahali usipopaona, maji yote hukusanyika na kushuka kwa kishindo hapo chini, huku kichwani kwako jua likiwaka. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa humo. Septemba 2019 mafuriko yakaua watu saba tena, akiwemo mwongozaji wao.

Kwa hiyo: usiingie bila mwongozaji. Muulize askari wa KWS kama kumenyesha tangu jana, na siyo hapo tu bali huko juu. Wakikwambia limefungwa, limefungwa, hata kama umetoka Rongai na kundi la watu ishirini. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, na wa mvua fupi, Oktoba hadi Disemba, panga safari yako kana kwamba korongo halipo. Likiwa wazi, hiyo ni nyongeza.

Kiingilio nalipaje?

Kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia huduma mtandaoni, siyo kwa noti langoni. Lipia usiku wa kuamkia safari ukiwa nyumbani, kwa sababu langoni mtandao huwa wa kubahatisha na utamkuta kijana kainua simu juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Viwango hubadilika, kwa hiyo vitazame huko huko kwenye mfumo. Beba kitambulisho. Raia, mkazi na mgeni hulipa bei tofauti, na bila kitambulisho unaweza kuhesabiwa mgeni.

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni.

Naweza kuingia na maji ya chupa?

Ya plastiki ya kutumia mara moja, hapana. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za namna hiyo zimepigwa marufuku katika mbuga zote za taifa: chupa, vikombe, sahani, vijiko. Beba chupa yako ya chuma au ya kujazwa tena, lita mbili kwa kila mtu. Ndani ya mbuga hakuna duka kila kona.

Longonot na Hell's Gate siku moja, inawezekana?

Wapo wanaofanya. Siwashauri. Longonot ina kimo cha mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita tatu na ushei za kupanda, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2 nyingine za kupanda na kushuka juu ya vumbi laini linaloteleza. Ukimaliza, miguu haina hamu ya pedali. Kama Longonot ndilo jambo lako kubwa la siku, anza kupanda kabla ya saa mbili asubuhi, shuka, kisha kale. Asiyeweza kuzunguka asione haya: fika ukingoni, keti, tazama msitu ulio ndani ya kreta, rudi.

## Kula na kununua

Samaki nikale wapi?

Kamere na Karagita, kwenye vibanda vya bichi. Unachagua samaki wako akiwa mbichi, mnakubaliana bei, anakaangwa mbele yako na kuletwa na ugali, sukuma na kachumbari. Mtazame macho kabla hujamchagua: yawe yamejaa na kung'aa, na mashavu ndani yawe mekundu. Agiza kabla ya kwenda kwenye boti, uwaambie utarudi saa ngapi, usije ukakaa dakika arobaini ukinusa samaki wa wenzako.

Tilapia ndiye anayependwa. Kamba wa maji baridi, aliyeletwa ziwani humu mwaka 1970, utamkuta zaidi hotelini.

Na zawadi za nyumbani?

Ukirudi kwa barabara ya juu, simama Soko Mjinga: viazi, kabeji, karoti, njegere zilizomenywa. Watakukimbilia dirishani kumi kwa pamoja. Shuka, zunguka, ndipo ununue, kwa sababu viazi vya juu ya debe na vya chini si ndugu. Maziwa na yoghati ya Delamere yanauzwa mbele ya Naivasha, upande wa Nakuru, kwa hiyo msafiri wa siku moja atakuwa anazunguka bure.

## Hali za pekee

Nina mama wa miaka sabini na watoto wa chekechea. Tufanye nini?

Acheni korongo, acheni Longonot. Nendeni na gari, boti fupi asubuhi, kisha Elsamere, iliyokuwa nyumba ya Joy Adamson, yule aliyemlea simba Elsa. Kuna jumba dogo la makumbusho, nyasi, chai ya alasiri na mbega juu ya miti. Watoto watakimbia, mama ataketi. Bebeni sweta, kwa kuwa ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na asubuhi huwa na baridi kali kuliko Nairobi.

Nina mgeni kutoka ng'ambo asiye na namba ya M-Pesa.

Mlipie wewe kwenye eCitizen ukitumia pasipoti yake, katika kiwango cha asiye mkazi. Usijaribu kumpitisha kama mkazi. Tazama jibu la kiingilio.

Mbio za magari za Safari Rally zikiwa Naivasha niende?

Kama unaifuata rally, nenda, lakini hiyo siyo safari ya siku moja ya kupumzika. Tangu mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021 makao yake yamekuwa Naivasha, na wiki hiyo hoteli hujaa, nauli hupanda na Moi South Lake Road husimama. Iliwahi kuwa Juni, kisha ikahamia Machi. Angalia kalenda kabla hujawaahidi watoto.

Niondoke Naivasha saa ngapi, na nikichelewa?

Saa kumi alasiri uwe unaelekea mjini kutoka South Lake Road, saa kumi na moja uwe ndani ya gari la Nairobi. Magari huendelea kuwepo baada ya hapo, lakini jioni ya wikendi foleni ya abiria steji huwa ndefu na nauli hubadilika kila gari likijaa.

Ukikuta mjini hakuna kiti, toka hadi barabara kuu karibu na Buffalo Mall, usubiri zinazotoka Nakuru na viti vilivyoachwa. Simama penye mwanga na watu. Usipande gari dogo la mtu binafsi linalookota abiria gizani, hata kama ni nafuu kwa shilingi mia.

Ikifika saa tatu usiku bado umekwama na mvua inanyesha, lala. Vyumba vya bei ya kawaida vipo mjini, karibu na steji, na gari la kwanza la alfajiri litakufikisha Nairobi kabla ya saa za kazi.